Niko Hapa kwa Pini, Wewe Uko Wapi?

Gesi iliniishia juzi ugali ukiwa nusu. Nikapigia jamaa wa duka anayeleta mitungi na boda, nikamtumia lokesheni kwa WhatsApp, nikashuka chini kwa geti kumngoja. Dakika ishirini hivi simu ikalia. "Boss, niko hapa kwa pini, wewe uko wapi?" Nikamwambia mimi niko kwa geti, geti ya blu, sikuoni. Akasema na yeye yuko kwa geti, geti nyeusi, na kuna mbwa. Tukabishana hapo karibu tukosane, kumbe pini ilimpeleka ploti ya nyuma yetu, tumepakana ukuta, ningepanda juu kwa matangi ya maji ningeona helmeti yake. Kufika kwangu ilibidi arudi mpaka lami, apite mama mboga, aingie kichochoro cha pili. Mita kumi kwa ramani, dakika kumi kwa pikipiki.

Sasa hizo mita kumi ndizo nataka tuongelee, kwa sababu siku hizi kila mtu anasema data ya mahali itanyoosha Nairobi, jamu itaisha, ambulansi itafika, takataka zitazolewa, na mimi nakubali kuna ukweli mwingi hapo. Lakini watu wengi hawajui hiyo data inatoka wapi, na usipojua inatoka wapi utaiamini mahali hufai kuiamini, kama huyo jamaa na mbwa.

Tuanze na simu. Wengi hudhani setilaiti inatuona kutoka juu kama mwewe anavyoangalia vifaranga. Hapana. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu huko na hazijui hata kama wewe upo. Kazi yao ni kupiga kelele tu, kila moja inasema mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu yako inasikiliza, inaangalia ujumbe umechukua muda gani njiani, inapiga hesabu ya umbali. Ukiwa na umbali kutoka setilaiti nne, unajua uko wapi. Hesabu yenyewe ni kali kwa sababu mawimbi yanakimbia kwa mwendo wa mwanga, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde linakutupa mita 300, ndio maana setilaiti zimebeba saa za atomiki. Na hii huduma haikuwa hivi kila wakati, mpaka Mei 2000 Wamarekani wenye setilaiti walikuwa wanaivuruga makusudi ili raia wasipate kipimo safi, ungeweza kukosea kwa kama mita 100. Jamaa wa gesi angeishia kwa mtaa mwingine kabisa.

Mahali pa wazi, mfano ukiwa katikati ya Uhuru Park na mbingu yote iko juu yako, simu ya kawaida inakosea kwa mita tano hivi. Shida ni kwamba mimi naishi Pipeline. Gorofa zimebanana huku mpaka ukitaka kuota jua lazima upande juu ya paa, na yale mawimbi yakishuka yanagonga ukuta wa jirani kwanza ndio yafike kwa simu. Njia imekuwa ndefu kidogo, simu haijui, inadhani setilaiti iko mbali zaidi, inakusogeza. Kwa hivyo hiyo pini haikudanganya, ilisema ukweli wa mawimbi yaliyogonga ukuta.

Kinachotoka kwa hiyo hesabu ni namba mbili, latitudo na longitudo. Tao letu liko karibu na -1.286 na 36.817. Hizi namba zinasomeka rahisi kwetu kwa sababu tuko karibu sana na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111 ukienda kaskazini na karibu sawa tu ukienda mashariki. Desimali ya pili ni zaidi kidogo ya kilomita moja, ya tatu ni mita 110, ya nne ni mita 11, ya tano ni kama mita moja. Kwa hivyo mtu akikuletea data yenye desimali saba anakuambia anajua mahali pa duka kwa upana wa ukucha, cheka tu, simu iliyopima haikujua hata ni upande gani wa ukuta.

GPS si njia pekee lakini. Mnara wa simu pia unajua uko karibu naye, ila huo unajua eneo tu, tao minara imesongamana kwa hivyo eneo ni dogo, ukienda ushago eneo moja linaweza kuwa kilomita kadhaa. Usidharau lakini. Kuna utafiti ulitoka 2012 ulitumia rekodi za karibu simu milioni 15 za Kenya, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, majina yametolewa, wakalinganisha safari za watu na ramani ya malaria, ikaonekana jinsi vimelea vinavyosafiri na watu kutoka upande wa ziwa hadi Nairobi. Tulikuwa tunajua hivyo kwa mdomo, mtu akirudi kutoka nyumbani Krismasi anaanza kutetemeka Januari, lakini sasa unajua ni njia gani na kwa wingi gani, na unajua dawa na chandarua vina maana zaidi wapi.

Halafu kuna aina ya tatu ambayo ndiyo naipenda, maneno. "Niko Taj Mall." Taj Mall ilibomolewa 2018, hakuna mall, hakuna ukuta, lakini makanga bado anaita Taj Mall na watu wanashuka Taj Mall na ukimwambia mtu tukutane Taj Mall hapotei. Nenda mitaa mingine uone, kuna steji zinaitwa kwa jina la petroli steshoni iliyobadilisha rangi na mwenyewe, kuna za supermaketi iliyofungwa, kuna "kwa chifu" na chifu alihamishwa. Nairobi tunaelekezana na maiti za majengo. Kompyuta ikikutana na hiyo inachanganyikiwa kabisa, inatafuta jina kwa orodha yake haioni, au inaona mahali patatu penye jina moja.

Na hapo ndipo nimefika kwa ninachotaka kusema: nukta ni ya simu, jina ni la watu, na data ya maana kwa huu mji imetoka kila mara mahali watu walikaa chini wakaunganisha hizo mbili. Chukua matatu.

Miaka ya nyuma ukiuliza ramani ya matatu za Nairobi hakuna aliyekuwa nayo. Namba zilikuwepo, 46 Kawangware, 58 Buruburu, 111 Ngong, 125 Rongai, nyingi tulirithi enzi za basi za Kenya Bus Service (KBS), lakini njia yenyewe ilikuwa kwa kichwa cha dere na steji kwa mdomo wa konda. Mgeni akija tao anauliza mtu, anaambiwa nenda pale uone gari za kijani, na hizo gari zilishahama. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na watafiti wa Columbia na MIT kutoka Marekani na kikundi kinaitwa Groupshot wakaanza mradi wa Digital Matatus. Kazi yenyewe haikuwa na uchawi wowote, mwanafunzi anapanda gari na simu, simu inarekodi njia, gari ikisimama anaweka alama na kuandika jina la steji, wanaendelea, kesho njia nyingine, mpaka wakamaliza zaidi ya njia 130. Mapema 2014 ramani ikatoka, imechorwa kwa rangi kama zile za treni za chini ya ardhi za ng'ambo, na 2015 hizo njia zikaingia kwa Google Maps.

Kipande kigumu kilikuwa kuandika. Data ya usafiri duniani inaandikwa kwa mtindo unaitwa GTFS, ni faili za maandishi tu, unaweza kuzifungua kwa Excel, moja ina steji, nyingine ina njia, nyingine ina saa za kufika. Huo mtindo ulizaliwa 2005 huko Portland, Marekani, mji ambao basi ina ratiba na ikichelewa dakika tatu watu wanaangalia saa. Sasa enda umwambie dere wa 58 ajaze saa ya kutoka. Gari inatoka ikijaa! Ikijaa na dakika tano, sawa, ikijaa na dakika arobaini, mtakaa hapo mkisikiliza mtu anauza dawa ya meno. Kwa hivyo badala ya saa unaandika makadirio, kwamba gari inapita kila baada ya dakika ngapi, na mtindo unakubali hivyo. Steji nazo, GTFS inataka steji iwe mahali pamoja pa kudumu, lakini sisi tuna steji ambayo ni "hapo kwa bampsi", na nyingine iko mpaka askari wa kaunti waje, kisha iko mbele kidogo.

Nauli ndiyo sijui mtu ataiandika vipi. Hamsini asubuhi, mia mvua ikianza.

Lakini angalia ilichofungua. Ukiziweka njia zote kwa karatasi moja unaona karibu zote zinakimbilia tao kama maji kwa mfereji. Mtu wa Kangemi anayefanya kazi Buruburu lazima ashuke tao, avuke kwa miguu na begi lake mpaka steji nyingine, alipe mara ya pili. Kila mtu anayepitia hiyo anajua, ila kujua kwako peke yako ni malalamiko, ikiwa kwa ramani mhandisi wa barabara anaweza kupimwa nayo. Na unaweza kuuliza maswali ambayo hayakuwa yanaulizika. Kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru mpaka hospitali ya Mama Lucy ni mbali kiasi gani? Kwa mwewe ni kilomita chache. Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa saa mbili usiku ni gari ngapi, kungoja mara ngapi, na kipande gani atatembea gizani. Hayo ndio umbali, na huwezi kuyapata kwa kuchora laini moja na rula.

Kibera nayo ilikuwa hivyo. Mpaka 2009 ukifungua ramani za intaneti Kibera ilikuwa patupu, watu wengi hivyo na hakuna kitu, ungedhani ni shamba. Mwishoni mwa huo mwaka mradi wa Map Kibera ukachukua vijana wa huko huko, wakapewa vifaa vya GPS, wakatembea wakiweka zahanati, shule, vyoo, mabomba ya maji, kwa OpenStreetMap, ile ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuhariri. Mgeni angeweka barabara na kanisa akaenda nyumbani. Kijana wa Kibera anajua choo kipi kinafungwa usiku.

Sasa jamu. Ile laini nyekundu unayoona kwa simu asubuhi haitoki kwa kamera, inatoka kwa simu zilizo ndani ya magari, programu inaona simu nyingi ziko mahali pamoja zinasonga polepole, inapaka nyekundu. Mwaka 2020 msanii Mjerumani, Simon Weckert, alipakia simu 99 kwa kimkokoteni akatembea nacho polepole Berlin, na ramani ikaamini barabara tupu ina jamu. Mimi nilisoma hiyo nikacheka sana kwa sababu sisi mkokoteni ukiwa barabarani jamu inakuwa ya kweli. Upande mwingine, boda inapenya katikati ya magari yaliyosimama kwa mwendo mzuri tu, na simu yake nayo inahesabiwa, kwa hivyo lazima mtambo ujue ni pikipiki usije ukakuambia Mombasa Road iko freshi na umekaa hapo tangu saa kumi na moja. Ukitaka kujua jamu imeletwa na nini utauliza watu, na Wanairobi hawanyimi, toka enzi za Ma3Route, ile huduma ya habari za barabarani, watu wanaripoti lori limeanguka wapi, polisi wako wapi, maji yamejaa wapi.

Na hizo ripoti zilifanya kazi ambayo hakuna aliyetarajia. Watafiti wa Benki ya Dunia walichukua twiti za barabara za Nairobi za 2012 hadi 2020, wakatoa ripoti 32,991 za ajali zilizoweza kuwekwa kwa ramani, na kwa sababu ajali moja huripotiwa na watu wengi, wakazikunja zikawa ajali 22,872. Ugumu ulikuwa ule ule wa Taj Mall. Mtu anaandika "ajali mbaya umepita Roysambu ukienda Githurai, karibu na daraja, jamu mpaka Muthaiga". Hapo kuna majina matatu na daraja halina jina. Ajali iko wapi? Binadamu anajua bila kufikiri, iko kwa daraja, baada ya Roysambu, na Muthaiga ni mkia wa jamu tu. Mashine ilibidi ifundishwe kwamba neno linalotangulia jina, karibu na, baada ya, mpaka, ndilo linaamua. Kisha wakafanya kitu ambacho nimekipenda kuliko hesabu zote, baadhi ya ajali zikiripotiwa walituma mtu wa pikipiki aende aone kwa macho. Asilimia 92 zilikuwa kweli na mahali palikuwa penyewe. Ukiwa na ramani kama hiyo hujengi bampsi kila mahali, unaenda kwa zile kona chache zinazorudia kuua.

Ila sasa jiulize nani anatwiti. Aliye ndani ya gari, kwa barabara kubwa, na bando. Wanaokufa zaidi kwa barabara za Nairobi ni wanaotembea kwa miguu, na anayegongwa kwa kibarabara cha ndani Mukuru saa tano usiku hana wa kumtwitia. Kwa ramani hapo panaonekana salama. Hii ndiyo inanisumbua kuliko makosa ya mita kumi, kwa sababu nukta iliyokosea utaiona na utaisogeza, nukta ambayo haikuwekwa kabisa inafanana na mahali pasipo na shida, na mwenye bajeti anaangalia ramani anasema huku kuko sawa, tupeleke taa Kilimani.

Kuna na upande wa kuonekana sana. Mto ulipofurika 2024 na Mathare watu wakapoteza nyumba na maisha, serikali ikaagiza walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Mita 30 kutoka wapi? Ukingo wa mto wa Januari si ukingo wa mto wa Aprili. Na ukipima kwa simu inayokosea mita tano upande huu au kumi upande ule, katikati ya mabati, kuna nyumba ambayo iko ndani asubuhi na nje jioni. Kwa mtu wa ofisini hiyo ni laini imesogea kidogo. Kwa mwenye nyumba ni tingatinga.

Halafu wewe mwenyewe. Tulisema setilaiti haikujui, lakini programu uliyoiruhusu inakujua vizuri, na kuondoa jina lako hakusaidii vile watu wanafikiri. Utafiti wa 2013 wa watu milioni moja na nusu ulionyesha nukta nne tu, kila moja ikiwa na mahali na saa yake, zinatosha kumtenga mtu mmoja kati ya wote, kwa asilimia 95 yao. Ukifikiria inaeleweka. Nukta inalala Pipeline, saa kumi na mbili iko Outering, mchana kutwa iko Industrial Area, Jumapili iko kanisa fulani Donholm. Ni nani mwingine kama si mimi? Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kamishna wake, kwa hivyo kampuni ikitaka lokesheni yako lazima iwe na sababu na ikuambie. Lakini nenda kwa setingi za simu yako leo usiku uangalie ni programu ngapi zimeruhusiwa "kila wakati". Mimi nilikuta ya tochi. Tochi! Inataka kujua niko wapi ndio iwake?

Baada ya mambo ya gesi niliangalia mtaa wetu kwa OpenStreetMap, nikakuta geti letu halipo, kichochoro hakipo, na steji tunayopandia imewekwa upande mwingine wa barabara, pale ilipokuwa zamani. Kuongeza ni bure, unafungua akaunti, unabonyeza mahali, unaandika. Kichochoro nilikichora kwa dakika mbili. Steji nikaona niende nisimame pale penyewe Jumapili asubuhi, kukiwa kumetulia, niko pale na simu mkononi nangoja ile duara ya bluu inayoonyesha simu inakosea kiasi gani ipungue, konda mmoja akaniangalia weee, akaja.

"Unapima nini boss, mnatubomolea?"

Nikamwambia hapana, nahamisha steji kwa ramani, iko ng'ambo na nyinyi mko hapa. Akachukua simu akaangalia, akaikuza, akatafuta kibanda cha chai akakipata akafurahi. Kisha akaniambia hiyo ni ya asubuhi, kuanzia saa kumi na moja jioni wanabebea upande ule wa ATM kwa sababu huku polisi wanasumbua, na Jumamosi wanapanga mstari nyuma ya soko, niandike hivyo pia watu wasipotee. Geti letu na kichochoro viko kwa ramani sasa. Hiyo ya konda bado natafuta mahali pa kuiandika.